Somo la Afya: Chanjo ya Korona na Maswali Yetu

Ndugu mkazi, tangu dozi za kwanza za chanjo ya korona zifike Nairobi tarehe 3 Machi 2021, maswali ni mengi hata kwenye vituo vya kupimia majani chai hapa Nyansiongo. Kuuliza si ujinga.

Mbona ilipatikana upesi? Virusi vya jamii ya korona vilichunguzwa tangu ugonjwa wa SARS wa 2003. Fedha zilitolewa mapema, na hatua za majaribio zilikwenda sambamba. Hata Kilifi, watafiti wa KEMRI waliijaribu AstraZeneca.

Je, huharibu uzazi? Hakuna ushahidi wa hilo, kwa mume wala mke.

Madhara je? Mkono kuuma, homa na uchovu hupita kwa siku chache. Damu kuganda ni nadra sana. Ukiumwa kichwa vikali au ukikosa pumzi, nenda hospitali mara moja.

Aliyechanjwa bado anaweza kuambukizwa, lakini hatari ya kuugua vibaya au kufa hupungua.

Chanjo ilitolewa bure. Ukiwa na mzee nyumbani, zungumza naye kwa upole, kisha umsindikize kituoni.