Maradhi ya Vali ya Moyo wa Mbwa na Wakati Ufaao wa Tiba

Moyo wa mbwa, kama ulivyo wa binadamu, una vyumba vinne. Damu huongozwa na vilango viitwavyo vali, ambavyo hufunguka kuipisha na kufunga ili isirudi ilikotoka. Vali iuguayo mara nyingi zaidi ni ile ya mitrali, iliyopo baina ya chumba cha juu na cha chini upande wa kushoto. Ugonjwa huu huchukua takriban robo tatu ya maradhi yote ya moyo wa mbwa. Huwapata hasa mbwa wadogo, wenye uzito usiofikia kilo 20, wanapozeeka. Lakini mbwa wa aina ya Cavalier King Charles Spaniel huugua wakiwa na umri mdogo zaidi.

Ugonjwa huanza polepole. Kingo za vali hunenepa na kuota vinundu, na nyuzi zinazoishikilia hulegea, pengine hata kukatika. Kila moyo unapopiga, sehemu ya damu hurudi nyuma kwa nguvu, nayo husikika katika stethoskopu kama mvumo. Ili kufidia upungufu huo, moyo hupanuka. Hatimaye shinikizo huongezeka katika mishipa itokayo mapafuni, maji huvuja na kujaa humo, na mnyama hutweta. Hapo ndipo moyo husemwa kuwa umeshindwa kazi.

Yafaa ieleweke kwamba mvumo peke yake si kushindwa kwa moyo. Mbwa wengi huishi nao miaka kadhaa bila taabu. Kwa sababu hiyo, mwaka 2009 wataalamu wa Marekani waliupanga ugonjwa huu katika hatua nne, A hadi D, na mwaka 2019 wakaupitia upya mpango huo. Hatua A ni ya mbwa aliye mzima lakini mwenye asili ya kuupata. Hatua B ni ya mwenye mvumo bila dalili: B1 ikiwa moyo haujapanuka vya kutosha kuhitaji tiba, B2 ikiwa umefikia kiasi hicho. Katika hatua C dalili za kushindwa zimekwisha kuonekana. Na katika hatua D dawa za kawaida hazitoshi tena.

Mbwa wa hatua B1 hapewi dawa. Hupimwa tena baada ya miezi 6 hadi 12. Katika hatua B2 hupewa pimobendani, ambayo huongeza nguvu ya moyo na kutanua mishipa. Jaribio lililohusisha mbwa 360, ambalo matokeo yake yalitangazwa mwaka 2016, lilionyesha kuwa dawa hiyo huahirisha kushindwa kwa moyo kwa muda wa miezi 15 hivi. Ni picha ya eksirei au ya ultrasaundi inayotenganisha B1 na B2, wala si sikio pekee.

Katika hatua C huongezwa furosemidi, ambayo huondoa maji kwa njia ya mkojo, pamoja na dawa kama benazeprili na spironolaktoni. Furosemidi ikizidi hukausha mwili na kuzielemea figo; kwa hiyo damu hupimwa mara kwa mara, na mbwa asinyimwe maji ya kunywa.

Mwenye mbwa naye ana kazi yake. Mnyama akiwa amelala usingizi, na ahesabu mara kifua kinavyopanda kwa nusu dakika, kisha azidishe kwa mbili. Kwa kawaida hesabu haifikii 30 kwa dakika. Ikivuka kiwango hicho na kubaki juu, daktari wa mifugo aarifiwe siku hiyo hiyo. Na mbwa akihema kwa taabu, apelekwe mara moja.

Dawa hizi haziitengenezi vali iliyoharibika. Upasuaji wa kuitengeneza upo, lakini hufanyika katika vituo vichache tu duniani, vikiwamo vya Japani, na gharama yake ni kubwa. Kwa walio wengi, basi, faida ya tiba ni muda wa maisha yenye nafuu; na muda huo hupatikana zaidi pale moyo unapopimwa kabla mnyama hajaanza kutweta.