Kipupwe Lushoto: Wikiendi za Mwalimu wa Mafunzo

Orodha ya vituo vya mafunzo kwa vitendo ikitoka, ukiona jina lako limeangukia Lushoto, usikimbilie ofisini kuomba kubadilishiwa. Sababu yenu naijua: baridi. Mafunzo yetu huangukia Julai, na Julai ndiyo kipupwe chenyewe. Mwaka jana nilipangwa huko, nafundisha Jiografia na Kiswahili. Nawaandikia wale watakaojifunika blanketi Jumamosi mpaka saa 7 mchana, halafu Jumatatu wasimame ubaoni kufundisha milima kwa kusoma kitabu, na milima yenyewe iko dirishani.

Tuanze na baridi, maana mtaulizwa. Mwanafunzi wa Kidato cha Pili aliniuliza: "Mwalimu, mlimani si ndiko karibu na jua? Mbona huku baridi na Mombo joto?" Swali zuri sana hilo, usilikwepe. Jua liko umbali wa takribani kilomita milioni 150, kwa hiyo kupanda kilomita moja hakubadilishi kitu. Hewa hupata joto lake zaidi kutoka ardhini. Inapopanda hukuta mgandamizo mdogo, hutanuka, na ikitanuka hupoa. Kwa wastani joto hushuka nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000. Mombo iko kama mita 400 juu ya usawa wa bahari, Lushoto kama 1,400. Pigeni hesabu wenyewe. Halafu mwezi Juni jua la utosi linakuwa kaskazini, Tropiki ya Kansa, na upepo wa kusi unasukuma unyevu wa Bahari ya Hindi upande milima ya Usambara. Ndio huo ukungu wa asubuhi.

Sasa fanya hivi. Chupa ya maji ya plastiki ikiisha, ifunge kizibo vizuri ukiwa Lushoto, panda noah ushuke nayo Mombo kupitia Soni. Ukifika chini itakuwa imebonyea bila kuguswa na mtu. Beba chupa hiyo darasani Jumatatu. Mimi nilimaliza kipindi kizima cha mgandamizo wa hewa kwa chupa moja, na wa nyuma ndio walionyoosha mikono zaidi.

Soni kuna maporomoko ya maji, simama kidogo njiani. Ila siku moja kamili wape Irente. Ni mwendo wa mguu kutoka mjini, bodaboda wapo ukichoka. Usiende asubuhi, utaangalia ukungu tu, nenda alasiri. Unasimama ukingoni, na chini yako mlima unakatika ghafla mpaka tambarare ya Mazinde: mistari ya mkonge, barabara kuu, na reli ya Tanga iliyofika Mombo mwaka 1905. Mada nzima ya uchumi wa kikoloni umeitandaziwa hapo. Wadachi waliuita mji huu Wilhelmstal, wakaja kujificha joto la pwani. Wao walikimbia joto, sisi tunaletwa kipupwe! Njiani kuna shamba la Irente, wanauza jibini na mkate. Kwa mwenye boom iliyokatika, mahindi ya kuchoma ya barabarani yanatosha kabisa.

Sweta usinunue Dar. Mtumba upo sokoni Lushoto, na wauzaji wanajua ni lipi linalozuia upepo.

Kuna pia ua dogo la zambarau linalopamba madirisha ya Ulaya, linaloitwa Saintpaulia. Asili yake ni misitu ya kwetu huku, Usambara ikiwemo. Limebeba jina la ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyetuma mbegu kwao miaka ya 1890. Waulize wanafunzi kwa nini halina jina la Msambaa aliyelijua kabla yake, halafu nyamaza uwasikilize.

Mwisho ni msitu wa Magamba. Huu ni hifadhi, kwa hiyo lipia kibali na uchukue mwongoza njia wa hapo hapo, hata kama mkichangishana watano. Kinyonga amekaa kwenye tawi mbele ya pua yako na humwoni. Yeye anakuonyesha kwa kidole, na jina lake kwa Kisambaa anakutajia. Vaa viatu vya kushika, njia inateleza mpaka mchana.