SOMO LA SAYANSI: Kimiminika kinachovutwa na sumaku, na maji ya kisima yasiyovutwa

Kuanzia Diff mpakani hadi mjini Wajir, sote tunaijua sumaku. Imo ndani ya spika ya redio na kwenye dinamo ya pikipiki. Tumezoea kuiona ikivuta misumari na vipande vya chuma. Je, yaweza kuvuta kitu cha majimaji? Ndiyo, lakini si kila cha majimaji. Tofauti hiyo yaweza kukuokolea pesa.

Kilivyoanza

Mwaka 1963, mhandisi Steve Papell wa shirika la anga la Marekani, NASA, alitafuta njia ya kuongoza mafuta ya roketi mahali pasipo na uzito, ambapo mafuta huelea ovyo ndani ya tangi. Aliyachanganya na unga laini mno wa magnetaiti, yaani madini ya chuma yanayovutwa na sumaku, ili sumaku iyavute kuelekea kwenye pampu. Kimiminika cha aina hii huitwa ferofluidi.

Kinavyofanya kazi

Chembe zake zina upana wa takriban nanomita 10. Ukizipanga chembe 100,000 kwa mstari mmoja, utapata milimita moja tu. Kwa udogo huo, mtikisiko wa kawaida wa kimiminika hutosha kuzizuia zisizame. Kila chembe hupakwa utando mwembamba, mfano wa sabuni inavyozunguka tone la mafuta, ili zisigandamane.

Ukisogeza sumaku yenye nguvu, kimiminika huinuka na kuota miiba kama ya nungunungu. Ukiiondoa, miiba hutoweka na kimiminika hutulia tena.

Kinatumika wapi

Katika baadhi ya spika, ferofluidi hukaa kando ya koili, ikiondoa joto na kutuliza mtikisiko. Katika mashine zenye mhimili unaozunguka, sumaku huishikilia kama pete kuzunguka mhimili huo, ikazuia hewa na vumbi kupenya bila mpira wowote kusuguana na chuma. Diski za kompyuta zililindwa kwa njia hiyo. Sisi tunaoishi na vumbi la kiangazi tunaelewa thamani yake.

Jaribio la nyumbani au shuleni

Omba unga wa chuma kwa fundi wa kuchomelea. Utie kijiko kimoja ndani ya chupa ya plastiki yenye mafuta ya kupikia, ufunge vizuri na utikise. Weka sumaku ya spika mbovu ubavuni mwa chupa: unga utakimbilia hapo. Ukiacha chupa itulie, unga utazama chini, kwa kuwa chembe zake ni kubwa kuliko za ferofluidi. Sasa jaza chupa nyingine maji ya kisima yenye chumvi, uweke sumaku ileile. Hakuna kitakachosogea.

Mchanganyiko huo usinywewe wala kurudishwa jikoni. Sumaku ndogo ziwekwe mbali na watoto: mtoto akimeza mbili, zinaweza kuvutana ndani ya tumbo na kutoboa utumbo. Mpeleke hospitalini mara moja.

Funzo kwa mtumiaji wa maji

Kinachovutwa katika ferofluidi ni zile chembe za chuma. Chumvi iliyoyeyuka majini haina chembe za namna hiyo. Kwa hiyo ukiletewa kifaa cha sumaku cha kufunga kwenye bomba na kuambiwa kitageuza maji ya chumvi kuwa matamu, usitoe pesa. Kuhusu ukoko mweupe wa chokaa unaoganda ndani ya birika na mabomba, tafiti za sumaku zimetoa matokeo yanayotofautiana. Kuhusu chumvi hakuna utata: sumaku haiitoi.

Kuchemsha maji huua vijidudu, lakini chumvi hubaki. Njia zinazoitoa ni kukusanya mvuke wa maji na kuupoza, au kuyasukuma maji kwa nguvu kupitia utando maalumu wa kuchuja. Kabla ya kununua kifaa chochote, maji ya kisima chenu yapimwe, na mwuzaji akubali yapimwe tena baada ya kupita kwenye kifaa chake. Vipimo hivyo viwili vikilingana, kifaa hakikufanya kazi.