Panga Siku Kwanza, Bango Baadaye: Mwongozo wa Ratiba na Tiketi kwa Kikundi cha Maigizo

Vikundi vingi vya maigizo jijini Nairobi huanzia mwisho. Mchezo unaandikwa, mazoezi yanaanza, bango linachorwa, kisha mtu anapiga simu ukumbini kuuliza ni wikendi ipi iko wazi. Inayopatikana ndiyo inayochukuliwa. Ijumaa inafika, nusu ya viti ni vitupu, na watu wanaanza kulaumu tangazo, mwandishi, hata mwigizaji mkuu. Mara nyingi mchezo wenyewe hauna tatizo. Tatizo ni siku na saa, na hayo yaliamuliwa bila kufikiriwa.

Mwongozo huu ni wa kikundi kidogo kinachokodi ukumbi na kuishi kwa kiingilio. Mifano ni ya Nairobi, ila msomaji wa Mombasa, Arusha au Dar es Salaam ataona haraka pa kurekebisha.

Hatua ya 1: Jua onyesho moja linahitaji watu wangapi

Andika gharama katika orodha mbili. Ya kwanza ni zile utakazolipa hata ukionyesha mara moja tu: mwandishi, mavazi, mandhari ya jukwaani, mabango, nauli na chai ya mazoezi. Ya pili ni zinazorudi kila onyesho: ukumbi, mafundi wa taa na sauti, watu wa mlangoni, posho ya waigizaji.

Tuchukue mfano wa kubuni. Orodha ya kwanza ni shilingi 250,000, ya pili ni 60,000 kwa kila onyesho, na tiketi moja, ukichanganya za bei ya awali na za mlangoni, inakuletea wastani wa shilingi 900. Maonyesho matano yatagharimu 550,000. Ili urudishe pesa zako tu, bila faida, unahitaji watu 612, yaani kama 123 kila onyesho. Katika ukumbi wa viti 300 hilo linawezekana.

Sasa mtu kwenye kikao atasema, "Tuongeze la sita." Onyesho la sita linahitaji watu 67 ili lijilipie. Inaonekana rahisi, na hapa ndipo wengi hudanganyika. Ukipata watu 67 ambao wangekuja Jumamosi na sasa wamehamia Alhamisi, hujaongeza kitu. Umelipia ukumbi mara ya pili kwa watazamaji wale wale. Kabla ya kuongeza onyesho, taja ni watu gani litawaleta ambao ratiba iliyopo inawafungia nje: wauguzi wa zamu, familia zenye watoto, wanaofanya kazi Jumamosi. Ukishindwa kuwataja, acha.

Hatua ya 2: Weka kalenda ya watazamaji juu ya kalenda ya ukumbi

Anza na mshahara. Wikendi ya kwanza baada ya watu kulipwa haina mfano, na wikendi ya katikati ya mwezi inataka mchezo wenye jina au bei nafuu. Januari iache ipite. Karo imekula kila kitu. Wiki shule zinapofunguliwa kwa muhula wowote ule ni hivyo hivyo, hata kwa wasio na watoto, kwa sababu kila mtu ana mpwa.

Ramadhani huja mapema kwa takriban siku kumi na moja kila mwaka, kwa hiyo kalenda ya mwaka jana haikusaidii. Mombasa, onyesho la jioni ndani ya mwezi huo ni kujitafutia hasara: magharibi watu wanafuturu, halafu kuna tarawehe. Sikukuu ya Idi yenyewe na siku zinazofuata ni habari nyingine kabisa, hasa alasiri.

Tazama pia ratiba ya Ligi Kuu ya Uingereza. Najua kuna wasanii wanaoona ni aibu kupanga sanaa kwa kufuata mpira. Waulize walioonyesha Jumamosi jioni Arsenal ikicheza na Manchester United.

Kuna aina moja ya mchezo inayopindua hesabu hizi zote: tamthilia zinazotahiniwa. *Kigogo* ya Pauline Kea au *Bembea ya Maisha* ya Timothy Arege, zikiwa kwenye orodha ya mtihani wa KCSE, mtazamaji wake ni mwanafunzi, siku yake ni ya kazi, saa yake ni asubuhi, na mnunuzi ni mwalimu mmoja anayelipia basi zima. Hapo mshahara na mpira havina kazi. Kinachohesabiwa ni kumaliza kabla ya mitihani ya mwisho wa mwaka, na kumpigia mwalimu huyo simu kabla hajapanga shughuli za muhula.

Hatua ya 3: Chagua saa kwa kuangalia mtazamaji atafikaje nyumbani

London, jua la Juni na la Desemba ni vitu viwili tofauti. Nairobi giza huingia karibu saa kumi na mbili unusu mwaka mzima, kwa hiyo suala la saa ni lile lile Machi na Septemba: mtu huyu atatoka saa ngapi, na kituoni atakuta nini?

Piga hesabu kuanzia mwisho. Onyesho lililotangazwa saa kumi na mbili unusu, lenye urefu wa saa mbili pamoja na mapumziko, linaisha saa mbili unusu usiku. Anayekwenda Rongai au Kitengela bado anapata matatu kwa nauli ya kawaida. Lichelewe kuanza kwa dakika arobaini na mvua inyeshe, nauli imeshapanda na foleni kituoni ni ndefu. Ukitaka kuhakikisha, simama nyuma ya ukumbi dakika ishirini za mwisho na utazame safu za nyuma badala ya jukwaa. Utaona mwanga wa simu kwanza, kisha mkono unaoshuka chini kutafuta mkoba, kisha wawili wanainuka wameinama, na njiani wanaomba radhi kwa kila goti. Hao mchezo haujawachosha. Wanaogopa kulala mjini, na mara nyingine mtakapowaalika watasema wana shughuli.

Ndiyo maana onyesho la alasiri, saa tisa, limepata nguvu Nairobi. Jumapili ibada imekwisha, chakula kimeliwa, watoto wanaweza kuja, na saa kumi na moja watu wako nje kukiwa bado kweupe. Kikundi cha maigizo cha Heartstrings kimewazoesha mashabiki wake maonyesho mawili kwa siku mwisho wa juma, la alasiri na la jioni, na mazoea hayo ni mali hata kwako usiye Heartstrings: mtazamaji anajua saa hizo bila kuambiwa. Usibuni saa yako ya ajabu, eti saa kumi na robo, ili uonekane tofauti.

Na tukisema saa tisa, iwe saa tisa. Ukipanga mawili kwa siku, kuchelewa kwa la kwanza kunakula muda wa kufagia, wa waigizaji kutia kitu tumboni, na wa foleni ya la pili kuingia.

Siku ya kazi inataka sababu maalumu. West End ya London kwa kawaida huendesha kila mchezo mara nane kwa wiki, mojawapo mchana wa katikati ya juma, kwa sababu ina watalii na wastaafu wanaoweza kuja Jumatano mchana. Sisi hao hatuna kwa wingi huo. Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ walipozindua mchezo wao *Ngaahika Ndeenda* kule Kamĩrĩĩthũ, Limuru, tarehe 2 Oktoba 1977, siku hiyo ilikuwa Jumapili. Kijiji cha wakulima na wafanyakazi wa viwandani kingekuja lini tena? Watu walijaa, na wiki chache baadaye serikali ikafuta kibali.

Hatua ya 4: Gawa maonyesho katika wikendi mbili

Ukisoma hatua moja tu ya mwongozo huu, soma hii. Kikundi chenye mchezo mzuri hujimaliza chenyewe kwa kuonyesha Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, kisha basi.

Fuata jinsi habari inavyotembea. Dada mmoja ameona onyesho Ijumaa usiku. Jumamosi yuko kwenye mazishi kijijini, Jumapili kanisani. Anapata nafasi ya kusimulia vizuri Jumatatu saa nne, wakati wa chai ofisini. Anaigiza ile sehemu ya baba mkwe, wenzake wanacheka, mmoja anauliza, "Iko mpaka lini?" Iliisha jana. Umempoteza mteja ambaye hukutumia hata shilingi moja kumpata.

*The Mousetrap* ya Agatha Christie ilifunguliwa London mwaka 1952, mwaka ule ule Kenya National Theatre ilipofunguliwa, na bado inaonyeshwa, ikiwa imesimamishwa kwa muda na janga la korona tu. Hakuna bango linaloweza kazi hiyo. Watu huambiana, na kila wanapoambiana wanakuta bado ipo.

Wewe huhitaji miaka sabini. Unahitaji siku saba. Kwa maonyesho matano, ningepanga hivi: wiki ya kwanza Ijumaa jioni na Jumamosi jioni, wiki ya pili Jumamosi alasiri na jioni, kisha Jumapili alasiri. Wikendi ya kwanza iwe ndogo makusudi. Wanaokuja mwanzo ni ndugu, marafiki na mashabiki wa kudumu, nao wakibanwa katika maonyesho mawili wanajaza ukumbi. Hasa kama ni kichekesho, watu 200 pamoja hucheka tofauti na watu 100 waliotawanyika mara mbili. Siku za katikati ndizo za kazi: video fupi za watazamaji wakitoka, picha za kuweka kwenye WhatsApp, na simu kwa wenye vyama.

Kuna watakaopinga, na wana hoja. Mandhari yatahifadhiwa wapi siku hizo? Waigizaji wana ajira nyingine. Ukumbi hautoi punguzo. Basi tengeneza mandhari yanayokunjika na kuingia kwenye pikapu moja, omba wikendi zote mbili kwa barua moja ili ujadili bei kama mteja mmoja mkubwa, na wahusika wadogo wawe na mbadala aliyefanya mazoezi. Hata ikiwa uwezo wako ni maonyesho mawili tu, weka wiki kati yake.

Hatua ya 5: Bei imfanye mtu aamue mapema

Watu wetu hununua dakika za mwisho, na M-Pesa imewapa sababu ya kuendelea hivyo, maana kulipa ni suala la sekunde. Hutawabadilisha kwa kuwasihi. Weka bei mbili, tuseme 800 kabla na 1,000 mlangoni, na bei ya chini iishe Jumatano saa sita usiku. Kwa nini Jumatano? Kwa sababu Alhamisi asubuhi utakuwa na idadi mkononi, na bado una muda wa kufanya jambo.

New York kuna kibanda cha TKTS pale Times Square, kimekuwapo tangu 1973, kinachouza kwa punguzo tiketi za siku hiyo hiyo ambazo hazijanunuliwa. Kule kuna maonyesho mengi na wageni wapya kila siku. Wewe mwenye mchezo mmoja na mashabiki wanaofahamiana, ukishusha bei Jumamosi saa nane mchana, umewafundisha wote kusubiri Jumamosi saa nane mchana.

Punguzo la wanafunzi liwe kwenye onyesho dhaifu peke yake. Kwa vyama na vikundi vya kanisa, tiketi kumi kwa bei ya tisa zinatosha. Mweka hazina atawasumbua wenzake kwa niaba yako.

Hatua ya 6: Daftari

Kila tiketi iwe na mstari: onyesho gani, imenunuliwa siku gani, mnunuzi alisikia wapi, anaishi mtaa gani. Safu hii ya mwisho wengi huiacha, na ndiyo inayokuambia saa yako inafaa au la. Ukiona Jumapili alasiri imejaa watu wa Thika na Ijumaa jioni hakuna hata mmoja, umepata jibu bila kumlipa mtaalamu.

Usihesabu tiketi za bure kama watu. Aliyepewa bure hana cha kupoteza asipokuja. Toa chache, kwa majina, kwa onyesho la kwanza, na kwa watu wanaozungumza sana: mwalimu wa fasihi, mwenye saluni, mtangazaji wa redio.

Hatua ya 7: Onyesho likiwa dhaifu

Alhamisi asubuhi daftari linaonyesha Jumamosi alasiri ina watu 19 na jioni ina 140. Una njia mbili. Ya kwanza ni kuiuza alasiri hiyo kwa kikundi kizima, kwa bei ya kufidia gharama za onyesho hilo tu. Isipowezekana hadi Alhamisi jioni, iunganishe na ya jioni. Usingoje Jumamosi yenyewe uone kama watu watatokea.

Ukiamua kuunganisha, mpigie simu kila mnunuzi. Ujumbe mfupi pekee hautoshi. Mpe chaguo: jioni, Jumapili, au pesa zake zirudi siku hiyo hiyo kwa M-Pesa, na ada ya kutuma ilipwe na kikundi. Ondoa saa hiyo kwenye bango la mtandaoni mara moja. Halafu Jumamosi kuanzia saa nane unusu weka mtu langoni mwenye orodha ya majina na simu yenye chaji, kwa sababu kati ya wale 19 wawili hawakupokea simu, na mmoja wao anakuja na mama yake.