Ramani Haijui Kuwa Uko Kwenye Pikipiki

Fungua ramani ya simu utazame Arusha na Musoma. Njia fupi inakata Ngorongoro na Serengeti. Mwenye gari anaweza kupita akilipa viingilio, lakini mwenye pikipiki ataishia getini, kwa sababu hifadhini humo pikipiki za wasafiri haziruhusiwi. Itabidi azungukie kusini: Babati, Singida, Nzega, Shinyanga, Mwanza, ndipo apande kuelekea Musoma. Hayo ni mamia ya kilometa za ziada, na tangi la pikipiki ni dogo.

Kwa hiyo usiiachie programu ikuchagulie njia. Ipange mwenyewe usiku wa kuamkia safari, ukiingiza miji ya kupitia mmoja baada ya mwingine. Kisha iandike kwenye karatasi kwa herufi kubwa (miji, kilometa, njia panda, vituo vya mafuta) na uibandike juu ya tangi kwa plastiki. Karatasi haiishiwi chaji.

Wengi hudhani bando likiisha, GPS nayo imekufa. Sivyo. Simu hupokea mawimbi ya setilaiti bila bando wala mtandao. Kinachokula bando ni picha ya ramani yenyewe. Ipakue mapema ukiwa mjini. Google Maps inaruhusu, ila mimi huamini zaidi OsmAnd na Organic Maps kwa njia za vijijini. Ramani zao zinatokana na OpenStreetMap, inayochorwa na watu wa kujitolea, na mara nyingi huonyesha hata vijia vya kwenda kisimani. Kijia hicho, hata hivyo, huenda kilichorwa kiangazi. Wakati wa masika, udongo mweusi wa mbuga hunasa magurudumu, na ramani haitakuambia lolote. Ukifika njia ya vumbi, waulize bodaboda wa kijiweni. Usiwaulize kama ni mbali, maana utajibiwa "hapo mbele tu". Uliza kama kuna pikipiki iliyopita leo.

Simu ya bei mbaya usiifunge kwenye usukani. Mwaka 2021 Apple yenyewe ilitahadharisha kwamba mtetemo wa injini kubwa za pikipiki unaweza kuharibu kamera ya iPhone. Funga simu ya zamani, ndani ya kimfuko kisichopitisha maji, ukiichaji kutoka kwenye betri ya pikipiki. Jua la mchana likiipasha moto itazima, na matone ya mvua huichanganya skrini. Hapo ndipo utakapoishukuru karatasi.

Na usisome ramani ukiwa mwendoni. Kwa kasi ya kilometa 80 kwa saa, sekunde mbili za kutazama skrini ni zaidi ya mita 40 bila kuona barabara. Egesha kando, soma, kisha uondoke.

Kabla ya kuwasha pikipiki, mtumie mtu wa nyumbani njia uliyoipanga na jina la mji utakaolala, na ukibadili njia, mjulishe kabla hujaingia sehemu isiyo na mtandao.