Sanduku la Nani Liko Juu? Somo la Kupanga Michoro kwa Usawa



Leo tunajifunza jambo linaloonekana dogo: namna ya kupanga masanduku, picha na maandishi kwenye ukurasa tunaouonyesha mbele ya mkutano, kwa projekta au kwa karatasi kubwa ya ukutani. Nimelijua somo hili kwa kosa langu mwenyewe.

Siku moja tuliita mkutano juu ya zamu za kuchota maji kwenye pompi. Walikuja wenyeji, familia zilizotoka upande wa Pweto na familia zilizotoka upande wa Mitwaba. Usiku nilikuwa nimechora masanduku matatu kwenye kompyuta, haraka haraka kabla betri haijaisha. La wenyeji likawa kubwa, juu katikati. La Pweto likawa chini yake. La Mitwaba likakosa nafasi, nikalibana kwenye kona. Sikuwa na nia mbaya. Lakini projekta ilipowaka, mama mmoja mzee alisimama akauliza: "Mwanangu, ndiyo kusema sisi ni watu wa kona? Basi hata maji tutachota mwisho." Watu wakaanza kunung'unika. Saa nzima ikapotea tukieleza kwamba mchoro si uamuzi.

Mama yule hakukosea. Jicho huona ukubwa na mahali kabla ya kusoma herufi, na asiyejua kusoma huona hayo tu. Tena, wengi wetu tumekimbia. Miaka ya 2005 na 2006 familia nyingi zilihama makwao kati ya Manono, Mitwaba na Pweto, eneo lililoitwa pembetatu ya kifo. Mtu aliyepita huko amezoea kutazama dalili: nani ametajwa kwanza, nani amesukumwa pembeni.

Kanuni tatu

1. Ukubwa sawa. Makundi yenye haki sawa yapewe masanduku ya kipimo kimoja, hata kama jina moja ni refu na jingine fupi. Anza na jina refu kuliko yote, kisha ufuate kipimo chake.
2. Mstari mmoja. Vichwa vya masanduku yote vilingane.
3. Nafasi sawa. Pengo kati ya la kwanza na la pili liwe sawa na pengo kati ya la pili na la tatu.

Kwenye kompyuta

Usitegemee jicho, jicho hudanganya. Kompyuta nyingi za kwetu zina PowerPoint ya Kifaransa, basi fuata hatua hizi:

1. Bofya sanduku la kwanza. Shikilia kitufe cha Maj, kisha bofya mengine moja moja mpaka yote yawe yamechaguliwa.
2. Kwenye sehemu ya "Taille", andika urefu na upana unaoutaka. Yote yatakuwa na kipimo kimoja.
3. Ondoa uchaguzi. Sogeza sanduku la kushoto kabisa na la kulia kabisa mahali unapotaka yakae, kisha yachague yote tena.
4. Nenda "Accueil", halafu "Organiser", halafu "Aligner". Chagua "Aligner en haut". Yote yatapanda mpaka kwenye mstari wa lile lililo juu zaidi.
5. Rudi palepale, chagua "Distribuer horizontalement". Yale mawili ya mwisho yatabaki mahali pake, na ya katikati yatagawana nafasi sawasawa.

Kwenye karatasi, umeme ukikosa

Hesabu ni rahisi. Tuseme karatasi ina upana wa sentimita 100, na unataka masanduku 4 ya sentimita 20 kila moja. Masanduku yatakula sentimita 80. Zimebaki 20. Masanduku 4 yana mapengo 5, ukihesabu na kingo mbili za karatasi. Gawanya 20 kwa 5: kila pengo ni sentimita 4. Kwa mstari ulionyooka, paka uzi chaki, uvute kutoka ukingo hadi ukingo, kisha uupige kwenye karatasi.

Nani aanze kushoto?

Hata masanduku yakilingana, moja litakuwa la kwanza. Usiamue peke yako. Panga kwa alfabeti, au piga kura ya bahati mbele ya watu wote, na useme wazi ni njia gani umetumia. Katika mkutano unaofuata, badilisha zamu.

Usawa usifiche ukweli

Hapa tuwe waangalifu. Majina ya makundi yawekwe sawa, lakini hesabu zionyeshwe kama zilivyo. Kama kundi moja lilipata ndoo 60 na jingine 30, usichore masanduku mawili yanayofanana ili kutuliza watu. Chora mihimili miwili inayoanzia kwenye mstari mmoja wa chini, yenye unene mmoja. Wa 60 uwe mrefu mara mbili ya wa 30. Hapo kila mtu ataona tofauti, na mazungumzo yataanzia kwenye ukweli. Mchoro ulionyooka hauondoi dhuluma. Unaondoa shaka ya bure, ili watu wajadili jambo lenyewe.

Sisi tulirudi juma lililofuata na ukurasa mpya. Mama yule aliutazama kimya, kisha akasema: "Sasa tuzungumze maji."

Maswali ya kujadiliana

1. Katika mkutano wenu uliopita, nani alitajwa au kuchorwa kwanza? Kwa nini?
2. Je, kuna orodha au mchoro kwenye ukuta wa kamati yenu unaoweza kumuumiza mtu bila ninyi kujua?
3. Kabla ya kuonyesha mchoro kwa watu wote, mnaweza kumwomba nani kutoka kila kundi autazame kwanza?