Somo: Mkazo katika Maneno Marefu ya Kiingereza



Katika ibada za Kiingereza tumeona vijana wetu wakisita mbele ya neno refu. Wengine huchekwa, na tangu siku hiyo hawakubali tena kusoma. Hasara hiyo si ya kijana peke yake, ni ya kanisa zima. Basi na tujifunze pamoja. Herufi kubwa hapa chini zaonyesha penye mkazo.

Katika Kiswahili mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: ki-TA-bu, vi-ta-BU-ni. Yasiyofuata ni machache. Twajua kuwa ba-ra-BA-ra ni njia, na ba-RA-ba-ra ni sawasawa. Mkazo umegeuza maana. Kiingereza nacho ni hivyo hivyo: DE-sert ni jangwa, de-SERT ni kutoroka.

Ukikutana na neno refu, usilikimbie. Ligawe kwanza kwa silabi, kisha tazama mwisho wake. Likiishia kwa -tion, -ic, -ity au -ians, mkazo kwa kawaida hukaa kwenye silabi inayotangulia kiishio hicho.

1. -tion ni silabi moja, husikika kama "shen", wala si "ti-on": sal-VA-tion, re-sur-REC-tion.

2. -ic: pro-PHE-tic. Tena twasema a-POS-tle, lakini a-pos-TO-lic, mkazo umehama. Jihadhari na CA-tho-lic, lisilofuata kanuni hii.

3. -ity ni silabi mbili. Hapa ndipo ulimi wetu hukosea, kwa kuwa mkazo huangukia silabi ya tatu kutoka mwisho: hu-MI-li-ty, si hu-mi-LI-ty.

4. -ians: Co-RIN-thi-ans, Thes-sa-LO-ni-ans.

Kumbuka pia kwamba Kiswahili hutamka kila irabu wazi, bali katika Kiingereza silabi zisizo na mkazo hupita upesi, kwa sauti hafifu.

Zoezi: Gawa maneno haya na kuonyesha mkazo: eternity, temptation, majestic, captivity.

Majibu: e-TER-ni-ty, temp-TA-tion, ma-JES-tic, cap-TI-vi-ty.

Kijana aliyepewa somo la Jumapili na alisome kwa sauti Jumamosi jioni, penseli mkononi. Nasi wazee tusikilizao, tumsahihishe faraghani, tusimcheke.